Kikohozi cha Alhamisi

Aibu hii nimeikalia mwaka mzima, na ningeendelea kuikalia kama si Mama Divine, jirani yangu wa ghorofa ya tatu, ambaye ameshaihadithia nusu ya kanisa letu kule Rinkeby na kila akiihadithia anaongeza chumvi, hadi Jumapili iliyopita nikasikia kwamba siku ile mimi nilizimia na gari la wagonjwa likaitwa. Sikuzimia. Ningezimia ingekuwa afadhali. Basi kaeni niwaambie mwenyewe ilivyokuwa, mnicheke mpaka mchoke, halafu tuyamalize.

Mnajua nafanya kazi huku Uswidi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Sasa wakati huo nilikuwa bado kibarua, wale wa kuitwa kwa simu asubuhi unaambiwa njoo leo, na ilikuwa imetangazwa nafasi moja ya kudumu, moja tu, na tulioitaka tulikuwa watatu. Mwenye kuamua alikuwa bosi wetu, Annika, mama wa miaka hamsini na kitu, nywele amezibana kisogoni, miwani mikubwa usoni, kitita cha funguo kiunoni, na sijawahi kuona mtu anayeipenda ratiba ya zamu kama yeye. Si mtu mbaya, la. Ni mtu wa maneno machache tu, anakwambia la kukwambia na kwenda zake.

Kwa kuitaka hiyo nafasi sikukataa zamu hata moja. Na hapo ndipo penye dhambi yenyewe, kwa sababu miezi hiyohiyo Mama alikuwa amekuja kutoka Taita kunitembelea, viza ya siku tisini, mara yake ya kwanza kupanda ndege, amebeba njugu na leso na dawa ya kifua ya mitishamba, na mimi natoka asubuhi yeye amesimama mlangoni, narudi jioni nimechoka hata kuongea siwezi, namkuta amepika. Mama alivuka mabara kuja kuniona, akawa anauona mgongo wangu ukienda kwenye lifti. Siku themanini na kitu zilipita hivyo, na alichokuwa ameona Uswidi ni nyumba yangu ya Hallonbergen, chumba cha kufulia, duka la chini na kanisa. Hakulalamika hata siku moja (angelalamika, ningejua pa kushika).

Jumapili moja usiku wa saa mbili, na jua bado linawaka kama mchana, nikamsikia jikoni anamtumia mdogo wake ujumbe wa sauti: “Huku ni pazuri sana, Mshai. Kuna mti mmoja hapa mbele ya dirisha. Nilipofika ulikuwa mtupu, mifupa mitupu, nikafikiri umekufa. Sasa umejaa majani. Nimeutazama wote, tangu mwanzo mpaka mwisho.”

Nilisimama pale kwenye korido na ndoo ya nguo mkononi, nikashindwa kuingia jikoni.

Jumatatu nikaenda kwa Annika kumwomba Alhamisi. Akauliza kuna nini. Nikamjibu, “Nina jambo langu.” (Nilikuwa nimeshajifunza, au nilidhani nimejifunza, kwamba huku mtu hamwagi mambo ya nyumbani ofisini.) Naye akanitazama juu ya miwani akasema, “Alhamisi haiwezekani, Wakesho. Siku hiyo mimi mwenyewe sipo, nina jambo langu, na nataka wabaki watu ninaowaamini.” Mnasikia lakini? Watu ninaowaamini. Nikasema sawa, nikatoka. Ratiba ya wiki nzima ilikuwa imejaa, Jumanne inayofuata Mama anasafiri, na Alhamisi ndiyo siku pekee simu ilionyesha jua kutoka asubuhi hadi jioni.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo sana, haukuzidi dakika moja. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilipiga simu kazini, nikashukuru Mungu kwamba aliyepokea si Annika, nikakohoa. Nilikohoa vizuri jamani, kikohozi cha kutoka tumboni kabisa, nikasema homa imenishika usiku kucha. Nikakata simu, nageuka, Mama huyo hapo na gauni la kulalia.

“Mbona unakohoa hivyo? Nikuchemshie tangawizi?”

“Ni vumbi tu, Mama. Leo nimepewa ruhusa kazini. Vaa vizuri, tunaenda kutembea.”

Sasa ilibidi nimdanganye na yeye, kwa sababu Mama ni mzee wa kanisa, na ndiye aliyewahi kunirudisha kwa miguu hadi kituo cha biashara, jua la saa saba, nikarudishe peremende moja niliyozidishiwa. Lakini alivyofurahi! Alishika mashavu yake kwa mikono miwili kama msichana, akakimbilia chumbani, akatoka na kitenge cha njano, ile njano ya kuumiza macho, kilemba chake, na begi lenye leso mbili “kama kutakuwa na baridi.” Mimi nilivaa suruali nyeusi, kofia pana na miwani ya jua, sitaki kuonekana na mtu, halafu nikatoka nimeongozana na jua lenyewe.

Mlangoni tukamkuta Mama Divine ameleta sombe, yaani kisamvu. Mama hawezi kumwona mtu mlangoni asimwambie twende. Mama Divine naye (Mrundi huyu, mjane, ana moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi) akajibu, “Mimi niko tayari, nafunga tu mlango.” Tukawa watatu.

Tulikuwa tunaenda Sigtuna. Kama hamjafika, ni kamji kadogo ka zamani kando ya ziwa, unashuka mjini kwa reli ya chini ya ardhi, ile ya buluu, unapanda treni hadi Märsta, halafu basi. Mimi sikuwa nimefika. Nilikajua kwa sababu siku moja kwenye mapumziko ya kahawa bosi alisema, na hiyo ndiyo mara pekee nilimsikia akiongea maneno mengi kwa mpigo, kwamba mtu akipata mgeni asimpeleke kuzubaa kwenye maduka ya mjini, ampeleke Sigtuna alikozaliwa yeye: aone magofu ya makanisa, mawe yaliyochorwa maandishi ya kale, barabara yenye nyumba za mbao, kajumba ka halmashauri ambako wanasema hakuna kadogo kama hako nchi nzima, halafu ale andazi la mdalasini akitazama ziwa. Nikaandika yote nyuma ya ratiba yangu. Sasa oneni akili zangu. Nimemdanganya mtu naumwa, nikachukua orodha yake mwenyewe, nikaenda kujificha kwao.

Lakini asubuhi ile, jamani, siwezi kuisema vibaya. Tulianzia kwenye magofu, kuta nene za mawe, juu hakuna paa, ndani majani yameota. Mama akazunguka kote mikono nyuma kama mkaguzi.

“Walishindwa kumalizia?”

“Walimaliza, Mama. Zamani sana. Halafu likaachwa.”

“Kanisa la mawe haya? Likaachwa?” Akatikisa kichwa. “Hakukuwa na kamati?”

Mama Divine alicheka hadi akashika ukuta. Tukaenda kwenye mawe yale ya maandishi, moja lilikuwa limesimama kwenye bustani ya watu, na Mama akataka kujua limeandikwa nini, nikamsomea kibao: kwamba watoto wa mtu fulani walimwekea baba yao jiwe hilo. Mama akavua kiatu kimoja (sijui kwa nini kimoja), akalisogelea, akaliwekea kiganja. “Poleni,” akasema, kwa watoto waliokufa miaka elfu iliyopita. Nikampiga picha pale. Akaniuliza kama Waswidi hawatakasirika akiligusa, nikamwambia hapana, akaligusa tena.

Tukapita barabara ya nyumba za mbao, nyekundu, njano, kijani, akawa anawasalimia watu wote kwa Kiswahili na watu wanaitika kwa Kiswidi na kila mtu anaridhika. Alikula aiskrimu yake ya kwanza Uswidi, ikamdondokea kidevuni. Aliniuliza mara mbili kama sijachoka. Kwa miezi mitatu nilikuwa sijashikana naye mkono barabarani, na siku ile tulishikana.

Saa sita tukakaa kwenye benchi pale uwanjani karibu na hako kajumba ka halmashauri, kajumba ka kuchekesha, kana kamnara juu. Mama Divine akafungua chapati, mimi nimenunua yale maandazi, Mama ameshatoa hukumu kwamba unga ni mzuri ila mdalasini umetiwa na mtu mwenye hasira. Ndipo mlango wa kajumba ukafunguliwa.

Akatoka mwanamke wa gauni la samawati lisilo na mapambo, nywele zimeachwa mabegani, shada dogo la maua mkononi. Akafuata mwanamume wa suti, mrefu, mwenye haya. Nyuma yao wawili wengine, mashahidi. Basi. Mlango ukafungwa. Wakasimama pale ngazini wanne, hakuna mtu, hakuna sauti, mmoja wa mashahidi akatoa simu kuwapiga picha.

Mama akaacha kutafuna. “Yule ni bibi harusi?”

“Ndiyo, Mama. Huku wanafanya hivyo, dakika tano, wanaandikisha tu.”

“Watu wake wako wapi?”

“Pengine hawakutaka watu.”

“Hata mama? Hata shangazi? Anatoka mlangoni hivihivi kama ametoka kununua chumvi?” Na tayari amesimama, anakung'uta makombo. Nikamshika kitenge. “Mama, kaa. Tafadhali. Hapa si kwetu.”

Akanitazama kwa huruma, mimi, kana kwamba mwenye shida ni mimi. Akashusha pumzi, akatia ulimi kazini, na kigelegele kilichotoka pale nafikiri kilisikika ng'ambo ya ziwa. Ndege waliruka. Bibi harusi akaruka pia. Mama Divine, ambaye kwao Burundi vigelegele ni kazi isiyoachiwa mtu mmoja, akaweka chapati chini akaitikia, na hao wakaenda, bega kwa bega, wakicheza ule mwendo wa kusindikiza maharusi, hatua mbili mbele moja nyuma, katikati ya uwanja wa mji ambao asubuhi yote sauti kubwa kabisa niliyosikia ilikuwa ya baiskeli.

Mimi nilifanya nini? Nilijificha nyuma ya ubao wa matangazo. Nikasoma tangazo la kwaya, neno kwa neno, mara tatu.

Watu wakaanza kujaa. Basi moja la watalii wazee, vijana wa aiskrimu, wenye duka wakatoka nje, simu juu. Mama akafungua begi, akatandika leso ya kwanza chini ya ngazi, ya pili mbele yake, kama tunavyofanya kwetu ili bibi harusi asikanyage vumbi, na kama mnavyojua leso hazitoshi njia nzima, kwa hiyo akishavuka moja inaokotwa nyuma na kupelekwa mbele, na kazi hiyo inataka mikono mingi. Mama Divine akapiga kelele, “Mimi niko na kitenge yangu tu, nitandike?” “Tandika!” Na bado mikono haikutosha.

“Wakesho!” Mama huyo, kwa ile sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. “Wewe Wakesho! Unajificha nini huko? Njoo ushike leso!”

Bibi harusi akainua kichwa. “Wakesho?” akasema.

Niliijua sauti kabla ya kuujua uso. Miwani hakuwa nayo, nywele zilikuwa chini, hana funguo, lakini sauti ndiyo ile ya watu ninaowaamini. Nilitoka nyuma ya ubao, nikavua kofia. Annika amesimama ngazini na maua yake, ananitazama. Watu kama arobaini wananitazama. Na mimi, haki ya Mungu, nikakohoa.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na ubao wangu. Mama akatazama huku na huku, akaelewa nusu, ile nusu nzuri.

“Kumbe mnajuana?”

“Ni bosi wangu, Mama.”

Uso wake ukafunguka kama dirisha. “Huyu? Huyu ndiye aliyekupa ruhusa?” Na kabla sijajibu ameshapanda ngazi, amemshika Annika mikono yote miwili, maua na mikono pamoja. “Njoo utafsiri. Njoo hapa. Mwambie asante. Mwambie siku themanini na tano nimekaa namngoja mwanangu arudi jioni, na leo yeye amenipa mwanangu tangu asubuhi. Mwambie Mungu amjalie watu.”

Ningeweza kutafsiri kitu kingine, si mnajua, ningesema Mama anakupongeza, basi, nani angejua? Lakini Mama alikuwa anatazama midomo yangu. Nikayatafsiri yote, neno kwa neno, hadi siku themanini na tano.

Annika akauliza, taratibu, “Hili ndilo lililokuwa jambo lako?”

“Ndiyo.”

“Anasemaje?” Mama huyo. “Anasema karibu? Haya muulize, mama yake yuko wapi, nimpe mkono.”

Hilo sikutaka kulitafsiri pia, lakini nikalitafsiri. Annika akatazama chini kwenye leso. Akasema mama yake alifariki Februari. Akasema mama huyo alizaliwa kwenye mtaa huu huu, nyumba ya njano pale chini, na ndiye aliyetaka binti yake aolewe kwenye kajumba haka, na kwamba yeye alifikiri akilifanya haraka, siku ya kazi, bila watu, atamaliza kabla hajaanza kumtafuta kwa macho. “Nilikuwa karibu kufaulu,” akasema. Mumewe, Göran, akawa anatazama viatu vyake.

Nikamwambia Mama. Mama akainama, akaokota leso mpya, ile nyekundu aliyokuwa amemwekea Mshai kama zawadi, akaikung'uta, akamzungushia Annika mabegani, akaifunga kifuani, akamvuta. Na Annika, ambaye sijawahi kumwona hata akipiga chafya kazini, akaweka kichwa kwenye kitenge cha njano akalia kwa sauti. Mama anampiga-piga mgongoni, “Lia, mwanangu, lia, tuko,” na yule hakuelewa hata neno na alikuwa anaitika kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia zamani. Hata watalii walishusha simu.

Alipotulia akajifuta, akanigeukia, akasema, “Mwambie mama yako karibu sana. Mwambie ile ruhusa si kitu.”

Ndugu zangu, niliokolewa. Mlango ulikuwa wazi, kazi yangu ilikuwa kupita tu. Lakini nilimtazama Annika na leso yake mabegani, macho mekundu, nikaona nikiyatafsiri hayo nitakuwa nimeuchukua uongo wangu nimembebesha bibi harusi siku ya harusi yake, na mama yake hayupo. Nikashindwa. Nikasema kwa Kiswahili, “Mama, hakunipa ruhusa. Niliomba akanikatalia. Nilipiga simu nikasema ninaumwa.”

Mama akamwachia Annika. “Kile kikohozi?”

“Kilikuwa cha uongo.”

“Na vumbi?”

“Hakukuwa na vumbi.”

Sijui kama mmewahi kutazamwa na mzee wa kanisa kwenye ngazi za kajumba ka halmashauri. “Omba msamaha,” akasema. “Hapahapa. Kwa lugha yake. Na useme kwa sauti nisikie.”

“Mama, wewe Kiswidi hukijui.”

“Uso wako naujua.”

Basi nikaomba msamaha, kwa sauti, katikati ya mji, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minane: kwamba sikuwa mgonjwa, kwamba wenzangu wamebeba zamu yangu, kwamba nilitaka kumtembeza mama yangu kabla hajaondoka. Mama Divine, ambaye Kiswidi anakijua vizuri, alipoona ninaanza kutaja uongo akapiga vigelegele kunifunika, maskini, kila nikifika kwenye neno la aibu anapiga, na watalii wakafikiri hiyo ni sehemu ya sherehe, nilipomaliza wakanipigia makofi. Bwana mmoja akaniomba nirudie, hakuwa amewasha kamera.

Annika akanipa shada lake la maua nimshikie, apate kuinua gauni. “Jumatatu saa mbili, ofisini kwangu,” akasema. Kisha akakanyaga leso ya kwanza.

Tuliwasindikiza hadi hoteli ya kando ya ziwa, mimi ndiye niliyekuwa nyuma naokota leso nakimbia nazo mbele nainama natandika, mita mia mbili na zaidi, na hapo ndipo nilipokohoa kikohozi cha kweli. Meza yao ilikuwa ya watu wanne. Göran akaomba viti vitatu. Mama alikaa kwa bibi harusi, wakawa wanaongea, huyu Kiswahili, yule Kiswidi, wananyamaza kwa zamu kama watu wanaoelewana, na mimi hakuna aliyeniomba kutafsiri. Niliambiwa tu nipitishe viazi.

Jumatatu nilikwenda. Annika alikuwa na miwani yake na funguo zake. Akaniambia nafasi ile angenipa mimi, alikuwa ameshaamua, na sasa hawezi, kwa sababu wenzangu wawili walifanya kazi ya watu watatu Alhamisi na wanastahili bosi mwenye haki. Akampa mwenzangu mmoja anayekaa Tumba. Sikubisha. Nilipofika mlangoni akasema, “Ulisema una jambo. Kwa nini hukusema ni mama?”

“Na wewe hukusema ni harusi.”

Tukabaki tunatazamana, watu wazima wawili, kila mmoja alikuwa ameficha mama yake kwenye neno moja.

Nyumbani nilimwambia Mama kwamba nafasi imekwenda. Alikuwa anafunga masanduku. “Ni haki,” akasema, akaendelea kukunja. Nguo tatu baadaye akasema bila kunitazama, “Lakini nilifurahi siku ile, Wakesho. Uongo sikuupenda. Usije ukafikiri sikufurahi.”

Nafasi ya kudumu nilikuja kuipata Januari, nyingine, baada ya kubeba zamu kama punda. Na nimejiapiza: sitakohoa tena kwenye simu. Novemba niliumwa kweli, homa kali, nikaogopa hata kupiga, nikajikaza kisabuni nikaenda kazini, na Annika akanifukuza getini, akinisuta kwamba nyumba ya wazee si mahali pa kuthibitishia ukweli wangu. Tangu hapo nasema tu kilichopo, hata kama ni kidogo, hata kama naona aibu kukitaja. Ningesema neno moja Jumatatu ile, nisingekuwa na mkasa wa kuwahadithia leo, na pengine bibi harusi angekuwa ameniambia lake.

Wiki mbili zilizopita Mama alipata viza tena. Nikachukua fomu ya likizo, na pale penye sababu, ambapo mwaka jana ningeandika “jambo langu,” nikaandika: Mama anakuja. Nikampelekea Annika. Aliisoma amesimama, akatia sahihi juu ya kabati la mafaili, akanirudishia. Nikashukuru, nikageuka niende.

“Wakesho,” akaniita. “Ndege yake inatua saa ngapi?”